Maganda ya Mpunga Juu ya Dari ya Wakfu



Msomaji wangu, mwezi uliopita dada mmoja wa Makanyagio alinisimamisha mlangoni mwa msikiti baada ya darsa ya akina mama, akaniuliza kwa upole: "Katibu, ni kweli kwamba kamati imemwaga pumba juu ya dari ya nyumba ya Ustadhi?" Nikamjibu kuwa ni kweli. Akanitazama kama mtu anayesubiri sentensi ya pili. Swali hilohilo nimeulizwa kwenye kijiwe cha bodaboda, nimeulizwa na muuza mchele, na mzee wetu mmoja alilileta katika safu ya kwanza muda mfupi kabla ya ikama. Fedha zilizotumika ni mapato ya wakfu, na mtu aliyekabidhiwa wakfu anadaiwa maelezo hata asipoulizwa. Kwa hiyo leo naitumia safu hii kueleza tulichofanya, kwa nini tulikifanya, na mahali tulipokosea.

Nyumba yenyewe wengi mnaijua. Ni ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili na sebule, imeachwa wakfu na marehemu mzee wetu aliyefika Mpanda zama zile ambapo reli ya kutoka Kaliua ilikuwa bado habari mpya na mji ulikuwa ukiishi kwa madini ya risasi. Kuta zake ni nene na hazijapasuka. Mabati yake ni ya zamani, mazito kuliko haya tunayouziwa leo, nayo yamegeuka rangi ya udongo. Chini ya mabati kuna dari ya bodi za nyuzi za mbao, iliyopigiliwa miaka mingi kabla sijazaliwa. Kati ya dari na mabati hapakuwa na kitu ila hewa, vumbi na popo.

Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mgeni anayekuja mwezi wa Juni au Julai hulala kwa blanketi, akaenda zake akisema Mpanda ni baridi. Mgeni huyo angerudi Septemba na Oktoba, kabla ya mvua za Novemba, majani ya miombo yakiwa yamepukutika na anga halina hata wingu la kumsitiri mtu, angebadili kauli. Bati lililopigwa na jua la saa saba mchana hupita nyuzi joto 60. Huwezi kuliwekea mkono. Joto hilo halibaki juu. Linamiminika chini kama mwanga unavyomiminika, linaipasha dari, na dari nayo inawapasha walio chini yake. Ndiyo maana katika nyumba ya bati feni haimsaidii mtu sana alasiri. Inakirudisha kichwani kwake kile kile kilichoshuka kutoka juu.

Wazee wetu hawakuwa na tatizo hili. Nyumba ya nyasi hubaki baridi mchana kutwa kwa sababu nyasi zimefunga ndani yake hewa nyingi isiyotembea, na hewa isiyotembea ni mpitishaji mbaya wa joto. Wagogo katika tembe zao waliweka udongo juu ya fito. Watu wa Lamu na Unguja katika nyumba za mawe walipanga boriti za mikoko, wakamimina mawe na chokaa juu yake kwa unene mkubwa, na nyumba nyingi zikaongezewa paa la makuti juu ya sakafu hiyo. Kisha likaja bati. Lilikuwa jema kwa mvua, jema kwa moto wa jirani, na lilimpa mwenye nyumba heshima mtaani. Lakini tulipoliondoa paa la nyasi tuliondoa na blanketi la nyumba, na hatukuweka lingine mahali pake.

Oktoba ya mwaka jana mke wa Ustadhi alikuwa amejifungua siku chache tu. Nilikwenda kumpa Ustadhi posho yake baada ya isha nikamkuta mama na mtoto mchanga wamelala barazani, juu ya mkeka, chandarua kimefungwa kwenye nguzo upande mmoja na upande wa pili kimeshikwa na kiti. Ndani palikuwa hapakaliki. Ustadhi hakulalamika, ni mtu asiyelalamika, na watu wa namna hiyo hutupumbaza sisi wenye kamati, kwa sababu tunadhani kimya chao ni ridhaa. Wiki iliyofuata mtoto alishikwa na malaria. Alhamdulillah alipona. Lakini Ustadhi akaniita pembeni akaniambia kwamba kuna madrasa katika mkoa mwingine imemwomba, na nyumba yao ina dari mpya na upepo wa ziwa. Wanafunzi wake ni zaidi ya 70, na katika miaka minne aliyokaa nasi wapo waliohifadhi majuzuu ambayo mimi mwenyewe, nakiri, hunibidi kuyarudia.

Kamati ilikaa. Rai ya kwanza ilikuwa kubadilisha mabati yote. Rai hiyo iliungwa mkono haraka, kama zinavyoungwa mkono rai zote za kununua kitu kipya, mpaka mweka hazina alipofungua daftari. Na hata kama fedha zingekuwepo, bati jipya ni bati vilevile. Lingetupunguzia kidogo kwa kung'aa kwake, na kwa miaka michache tu. Rai ya pili ilikuwa feni mbili. Rai ya tatu ilikuwa yangu, nami niliitoa kwa sauti ndogo, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuijaribu nyumbani kwangu na ikaniaibisha.

Huko Marekani na Ulaya, ambako hofu yao kubwa ni baridi, nafasi iliyo juu ya dari hujazwa kitu chepesi kilicholegea kinachomwagwa au kupulizwa kwa mpira mnene. Kitu kimoja kinachotumika sana ni karatasi za magazeti ya zamani, zilizosagwa zikawa kama pamba na kuchanganywa na chumvi za boroni ili zisishike moto. (Msomaji asianze kukusanya nakala za gazeti hili kwa kazi hiyo. Lina aya na majina ya Allah, na adabu ya karatasi hizo tunaijua.) Kinachozuia baridi kuingia ndicho kinachozuia joto kuingia, kwani kazi yake ni moja tu, kulichelewesha joto lisipite. Sisi hatuna mashine za kupuliza wala karatasi zilizosagwa. Tuna Kakese na Mwamkulu, na tuna milima ya maganda ya mpunga nyuma ya mashine za kukobolea, ambayo wachoma matofali huchukua sehemu na iliyobaki hupigwa kiberiti.

Ganda la mpunga ni kitu cha ajabu ukilitazama kwa makini. Lina umbo la kikombe kidogo, kwa hiyo maganda yakirundikana hayabanani, hubakiza hewa katikati. Uwezo wake wa kuzuia joto unakaribia ule wa vitu vinavyouzwa madukani kwa kazi hiyo. Karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake hubaki kuwa jivu, na jivu hilo karibu lote ni silika, madini yaleyale ya mchanga. Ndiyo maana halipendwi na wadudu, halinyonyi maji kwa urahisi, na halitoi ndimi za moto kama majani makavu. Lakini lina hila yake ambayo nitaifikia, na ndiyo iliyotugharimu.

Nieleze kwanza aibu yangu. Mwaka juzi, nikiwa nimesoma habari hizi, nilinunua ari kabla ya kununua elimu. Nilikwenda kwenye mashine ndogo iliyo karibu, nikachukua magunia ya pumba, nikamwaga juu ya dari ya chumba cha watoto Jumamosi moja kabla ya magharibi. Sikujua kwamba mashine zile ndogo za chuma hukoboa na kusugua kwa pamoja, kwa hiyo kinachotoka ni maganda yaliyovunjika yakiwa yamechanganyika na unga wa mchele, ule ambao wafugaji wanautaka kwa kuku na nguruwe wa jirani zetu. Nilikuwa nimewawekea panya na wadudu wa nafaka chakula cha mwaka mzima, na nikawawekea kitanda. Pili, sikulikagua bati. Januari mvua ikaingia kwenye tundu la msumari, unga ukalowa, ukavunda, ukawa mzito kama ugali, na usiku mmoja kipande cha dari kikashuka juu ya meza ya watoto. Hakuna aliyeumia. Mama watoto wangu aliyatazama yale mavundo, akanitazama na mimi, akauliza kama huu ndio msimu wa mavuno au bado.

Kwa hiyo nilipozungumza katika kikao nilisema yote mawili, kwamba jambo hili linafaa na kwamba mimi nililifanya vibaya. Mweka hazina wetu, mzee ninayemheshimu, alisema haoni vipi fedha za wakfu zitumike kubebea takataka. Tukarejea kwenye msingi. Wanavyuoni wa fiqhi wameandika kuwa mapato ya wakfu huanza na kuutengeneza wakfu wenyewe, kabla ya wanufaika kugawiwa chochote, ili asili ya mali ibaki. Nyumba isiyokalika imekwisha kuanza kuharibika, hata kama kuta zake zimesimama. Katika Suuratun-Nahl, aya ya 80 na ya 81, Allah (s.w.) anazitaja nyumba kuwa mahali pa utulivu, kisha akavitaja vivuli, mapango ya milimani na mavazi yanayomkinga mtu na joto, vyote vikiwa katika hesabu ya neema. Na Mtume (s.a.w.) aliruhusu adhuhuri icheleweshwe joto linapokuwa kali. Mzee akakubali kwa sharti moja, kwamba kabla ya gunia la kwanza kupanda, fundi umeme apande kwanza. Sikulipenda sharti hilo. Lilikuwa linaongeza gharama na linachelewesha, na Ustadhi alikuwa ameomba apewe jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Fundi alipanda na tochi. Alikaa juu dakika chache tu, akaniita. Juu ya chumba cha kulala, mahali palepale ambapo chini yake kuna kitanda cha mama na mtoto, waya mbili zilikuwa zimeungwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe, na utepe ule ulikuwa umeyeyuka, umekuwa mweusi, na bodi iliyo chini yake imebabuka kwa upana wa sahani. Hilo lilikuwa kovu la miaka mingi. Mji wetu kwa muda mrefu ulikuwa ukila umeme wa mitambo ya dizeli, unaopanda na kushuka, na kila mpangaji aliyepita aliongeza taa yake na soketi yake juu ya waya uleule.

Hapa ndipo penye hila ya maganda. Nimesema hayatoi ndimi za moto. Lakini yakipata cheche yanaungua polepole ndani kwa ndani, bila mwali, kwa saa nyingi, hata kwa siku. Mtu yeyote anayeishi karibu na mashine za mpunga anajua rundo lililopigwa kiberiti: juu ni jivu la kijivu lililotulia, na mtoto akikanyaga anazama kwenye kaa. Tena waya uliofunikwa hauwezi kupoa kama uliokaa wazi. Kama tungemwaga magunia juu ya ule muungano uliobabuka, mimi ndiye ningekuwa nimeuwasha moto juu ya kichwa cha mtoto yule, kwa nia njema, kwa fedha za wakfu. Siku ile nilishuka ngazini nikakaa kwenye kizingiti muda kidogo. Tunasoma katika hadithi kwamba nyumba moja Madina iliungua usiku na wenyewe ndani, na Mtume (s.a.w.) akauita moto adui, akaamuru uzimwe kabla ya kulala. Tangu siku ile mafunzo hayo nayasoma kwa sauti nyingine.

Nilimwendea mweka hazina nikamshukuru. Akasema kwa ufupi kwamba fedha ndizo zimekwisha, si yeye. Kweli, sehemu kubwa ya bajeti iliishia kwenye umeme: waya mpya ndani ya mabomba, viungo vyote ndani ya visanduku vyake vilivyofungwa, sakiti breka inayokata mapema badala ya fyuzi iliyokuwa imewekewa kipande cha waya. Tulichelewa wiki tatu. Ustadhi alisafiri kwenda kuiona ile madrasa nyingine, nasi tukabaki tunahesabu siku.

Mabati yalifuata. Tulisubiri mchana wa jua kali, tukajifungia gizani juu ya dari na kutafuta vitone vya mwanga. Kila kitone ni tone la mvua linalosubiri Novemba. Tulihesabu 19. Misumari iliyolegea ilibadilishwa, matundu yakazibwa. Popo tuliwaacha watoke jioni kwa mlango mmoja tulioubakiza, tukaufunga baada ya kuhakikisha kwamba hakuna makinda yaliyoachwa ndani. Kinyesi chao kinyunyiziwe maji kwanza ndipo kikusanywe, wala kisifagiliwe kikiwa kikavu, kwani vumbi lake lina maradhi ya mapafu. (Suala la najisi yake nitalijibu wakati wake, nimekwisha kupokea barua mbili.)

Maganda safari hii tuliyatoa kwenye mashine kubwa yenye roli za mpira, ambazo hulivua ganda likiwa zima na kuutenga unga pembeni. Ukiyachota mkononi na kuyaachia, kiganja hakibaki na unga. Mwenye mashine alitupa bure, akauliza tu kama tutarudi kwa mengine. Tuliyapepeta, tukayaanika siku mbili juani, tukayanyunyizia chokaa kavu kidogo kwa ajili ya wadudu. Wenye kupepeta walivaa barakoa, zile zilizobaki tangu wakati wa Korona, kwa kuwa vumbi la ganda lina vinyweleo vikali vinavyokwaruza koo na si jema kwa mapafu.

Hesabu ni nyepesi, na wanafunzi wa darasa la saba waliifanya ubaoni. Dari ya nyumba ile ina eneo la mita za mraba 36. Unene tuliotaka ni sentimita 10. Basi tunahitaji mita za ujazo 3.6, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya maganda ina uzito wa karibu kilo 100, mzigo wote ni kama kilo 360, yaani kilo 10 kwa kila mita ya mraba. Gunia linalobeba kilo 100 za mahindi hubeba kilo 13 au 14 tu za maganda, kwa hiyo tukapata magunia 26. Tulileta 30 kwa guta, safari tatu, kwa sababu maganda hushuka kadiri yanavyotulia. Kilo 10 kwa mita ya mraba zinaonekana kidogo, lakini bodi ya jipsamu ya kawaida yenyewe ni kama kilo 7 tu, maana yake unaizidishia mzigo zaidi ya maradufu. Dari ya zamani haikujengwa kwa hilo. Fundi wetu aliongeza mbao ndogo kati ya zile zilizokuwepo na kupigilia misumari mipya kila mahali kabla ya kuanza kumwaga. Anayedhani udongo ungefaa zaidi, kama ilivyokuwa kwenye tembe, na apige hesabu hiyohiyo: sentimita 10 za udongo ni zaidi ya kilo 100 kwa mita ya mraba, na tembe ilikuwa na nguzo katikati ya chumba.

Tulimwaga tukianzia kona ya mbali tukirudi nyuma kuelekea kwenye mlango wa dari, tukitembea juu ya mbao tu, na kusawazisha kwa reki. Kandokando ya paa tulisimamisha vipande vya mbao ili maganda yasizibe nafasi za hewa. Kwenye kuta za pembe tatu, mashariki na magharibi, tuliacha matundu yenye wavu, hewa ya moto ipate pa kutokea. Juu ya jiko la ndani hatukuweka hata punje. Kazi ilianza baada ya alfajiri na kwisha kabla ya adhuhuri, kwa kuwa baada ya hapo hakuna binadamu anayeweza kukaa chini ya bati.

Na matokeo? Sina kipimo cha kitaalamu. Nina kiganja. Kabla ya kazi, saa tisa alasiri, ukisimama juu ya kiti na kuigusa ile dari ilikuwa kama kugusa ubavu wa birika lililoepuliwa punde. Baada ya kazi, saa ileile, jua lilelile, dari ilikuwa sawa na ukuta. Chumba hakikuwa baridi, nisiseme uongo, kilikuwa kivuli. Mama alirudi kulala ndani. Yapo na yasiyopendeza. Kuta za matofali hunyonya joto mchana na kulitoa usiku, na sasa joto hilo halina paa la bati tupu la kutokea, kwa hiyo madirisha yenye wavu lazima yafunguliwe baada ya magharibi, la sivyo nyumba huhema usiku kucha. Anayefunga madirisha yake kwa kuogopa wezi hatapata faida kamili ya kazi hii, na hilo nalo ni jambo la kamati: tumeweka nondo madirisha mawili.

Kuna faida moja ambayo hakuna aliyeitarajia. Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha wakati Ustadhi akimsikiliza mwanafunzi sebuleni. Nyote mnajua mvua inavyolia juu ya bati. Hapa kwetu darsa husimama, khutba husimama, hata ugomvi wa wenye nyumba husimama. Ustadhi alikuja alfajiri akanieleza, kwa mshangao wa mtu aliyeokota kitu, kwamba mvua ilinyesha na kijana aliendelea kusoma, naye alimsikia mpaka kwenye ghuna.

Nawajibu sasa wale wanaotaka kulifanya jambo hili majumbani. Kama nyumba yako ni ya zamani sana na paa au dari yake ni ya vigae vya asbesto, vile vya kijivu vigumu vilivyotumika sana katika shule na nyumba za serikali, usiviguse, usivitoboe, usivivunje. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Waulize watu wa mazingira wa halmashauri. Wenzetu waliotutangulia walipata somo hili kwa uchungu: mji mdogo wa Libby, jimbo la Montana, ulichimba vermikulaiti iliyomwagwa juu ya dari za nyumba nyingi za Marekani, kumbe ndani yake mlikuwa na asbesto, na wachimbaji na familia zao waliugua na kufa. Unga wa mbao wa viwandani unashika moto upesi, uache. Na kama huna dari kabisa, kama walivyo wengi wetu, basi rangi nyeupe juu ya bati ndiyo hatua ya kwanza, na mti upande wa magharibi ndiyo ya pili. Maganda hayana pa kukaa.

Usipande juu kabla ya fundi umeme. Nimeirudia makusudi.

Ustadhi hajaondoka. Alirudi kutoka safari yake akatuambia kwamba kule upepo wa ziwa ni mzuri kweli, na hakusema zaidi. Akina baba watatu wamekwisha kuniomba niwaonyeshe mashine yenye roli za mpira, na msikiti wenyewe, ambao mchana wa Ijumaa tunaujua hali yake, una dari ya mita za mraba 140 ambayo mweka hazina amekataa kuizungumzia mpaka fundi umeme apande. Wiki iliyopita mke wa Ustadhi alituma mtoto mkubwa aje kuniambia kwamba sebuleni, pembeni mwa dirisha, ubao mmoja wa dari umeanza kulegea. Jumamosi baada ya alasiri, inshaallah, nitakwenda na ngazi na misumari.